Naombeni ushauri: shell ndani ya Emacs inanitesa, nihamie wapi?

Mdau_Soweto (Moshi): Wakuu habari za usiku. Kazi zangu zote nafanya ndani ya Emacs, programu ya kuandikia kodi, mwaka wa tatu huu, dirisha la juu kodi, la chini M-x shell ya kuandikia amri, sitoki humo mpaka nalala. Sasa nikipiga htop ya kuangalia mashine inavyofanya kazi inagoma, git log ya kuangalia historia ya kodi kila saa inalalamika terminali haijakamilika. Niweke vterm, terminali kamili ya ndani ya Emacs, au nihamie programu nyingine kama VS Code moja kwa moja? Naomba haraka, jana sijalala kabisa.

Chalii_wa_Sakina: Hamia Vim, dogo, nayo ni ya kuandikia kodi. Tangu toleo la 8.1 la 2018 unaandika tu :terminal, shell inafunguka humohumo, ukibonyeza Ctrl-W halafu N kubwa unatembea kwenye matokeo kama faili la kawaida. Mimi sirudi nyuma.

Fundi_Majengo: M-x shell siyo terminali kamili, ndo maana ukiangalia TERM yake inasema dumb. Inachukua mstari wako, inampelekea bash anayetekeleza amri, inaandika jibu, basi. Kitu kinachochora skrini nzima kama htop hakikai humo. vterm itakufaa ila lazima ikompailiwe, au tumia ansi-term inayokuja na Emacs yenyewe. Lakini htop haimnyimi mtu usingizi. Kuna nini?

Mdau_Soweto: Hamna kikubwa mkuu. Nilikuwa nimeingia kwa ssh, yaani kwa mbali, kwenye seva ya mteja.

Mama_Njiro: Ssh jamani! Mimi nilikuwa nahamisha database ndani ya Emacs hivyohivyo, umeme ukakatika, betri ya laptop ilishakufa zamani, ssh ikafa na kazi ikafa nayo, nikaanza upya saa nane za usiku mtoto mgongoni analia. Siku hizi nikiingia kwenye seva cha kwanza tmux inayoshikilia kazi kwenye seva yenyewe, laptop izime, kazi inaendelea kulekule.

Fundi_Majengo: Mdau, mficha uchi hazai. Seva imefanyaje?

Mdau_Soweto: Sawa. Bafa ya shell, yaani maandishi yote ya dirisha lile, huwa naihifadhi kwa C-x C-w iwe kumbukumbu ya kazi. Juzi niliihifadhi ndani ya folda ya mradi, nikapiga git add na nukta yake inayobeba kila faili, nikapush mtandaoni. Humo kuna nywila ya database ya kampuni inayopandisha wageni mlimani, na repo, yaani hifadhi ya kodi, iko wazi kwa kila mtu. Ila faili nimeshafuta nikakomiti tena, yaani nikarekodi mabadiliko, kwa hiyo halionekani, na bosi sioni haja ya kumshtua wageni wakiwa wamejaa hivi.

Mama_Njiro: Mwanangu, humo kuna pasipoti na simu za watu waliokuamini bila kukuona. Mwambie bosi.

Mangi_Kibosho: Mimi hii naona ya kutunga. Shell ya Emacs ikiulizwa password inakuulizia kule chini kwenye minibafa, unachoandika hakiingii kwenye bafa. Hiyo nywila ilifikaje humo?

Chalii_wa_Sakina: Hapo kweli. Dogo tueleze.

Mdau_Soweto: Sijatunga, naapa. Skripti ya bakapu niliandika mwenyewe kwa Kiswahili, inauliza "Weka ufunguo wa bakapu:" na nilitumia read -s nikijua itaficha. Nikaandika, herufi zote zikabaki pale mbele ya nukta mbili.

Fundi_Majengo: Basi nimekuamini. Emacs inatambua swali la nywila kwa maneno iliyofundishwa kwenye comint-password-prompt-regexp, la kwako haikulijua, ikaona ni mstari kama mistari mingine. read -s haisaidii hapo sababu anayeandika kwenye bafa ni Emacs yenyewe. Kwenye vterm isingeonekana. Ukibaki M-x shell, ongeza maneno yako kwenye hiyo regexp, au piga M-x comint-send-invisible kabla hujaandika. Ila hayo ya kesho. Kufuta kwa komiti mpya hakufuti historia, nywila bado iko pale. Badilisha nywila SASA.

Mangi_Kibosho: Samahani mdogo wangu, nilikuhukumu. Ukishabadilisha, historia isafishe kwa git filter-repo halafu push kwa nguvu.

Mdau_Soweto: Nywila nimebadilisha, tovuti inafanya kazi. Simu ya bosi inaita.