Kundi kubwa kulizimia sauti kundi dogo katika ziara ya pamoja ni dhuluma

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Mimi ni mpiga gitaa wa kundi la roki la hapa Mombasa, lililoalikwa kufungua maonyesho ya kundi kubwa kutoka Nairobi katika ziara ya Pwani iliyoanzia Diani, ikaja Nyali, na sasa imebakiza Malindi. Majina siyataji, kwa sababu ninachotaka ni kukomesha mtindo ambao wengi wenu mnaujua na mmeunyamazia.

Tuliahidiwa muda wa kupima sauti kabla ya milango kufunguliwa, na muda huo hatujaupata hata mara moja. Siku ya Diani tulivusha vyombo kwa feri ya Likoni tangu asubuhi, kisha tukakaa juani mpaka magharibi huku wenzetu wakirudia wimbo mmoja, wakisimama kupiga soga, wakirudia tena, na walipoteremka watu walikuwa wameshaanza kuingia. Ngoma zao ziliachwa katikati ya jukwaa zimefunikwa shuka jeusi, na mpiga ngoma wetu akaambiwa apange zake mbele ya hizo, mahali pembamba mno, hata stendi ya toazi moja ikawa mguu wake unaning'inia nje ya ukingo wa jukwaa, na ikabidi kijana anayetubebea vyombo aishikilie kwa mikono onyesho zima.

Ya Nyali yalinichoma zaidi. Fundi wa sauti, ambaye analipwa na kundi kubwa na anasafiri katika gari lao, aliteremsha sauti ya magitaa yetu tulipoingia wimbo wa pili, na spika zilizoelekezwa kwetu jukwaani zikazimwa kabisa, mwimbaji wetu akawa anaimba bila kujisikia. Nilipomwendea baadaye kumuuliza, alinijibu kwamba hayo ni maagizo. Kundi kubwa lilipopanda, mitambo ile ile ilitoa sauti iliyojaa, isiyo na kasoro yoyote. Nani ataniambia hiyo ilikuwa hitilafu?

Wapo watakaosema kwamba wanamuziki wa roki wana kiburi na ugomvi ni jadi yao. Sikubali. Tatizo ni kwamba anayemiliki mitambo ndiye pia mshindani. Mwaka 2005, katika ziara ya Ozzfest nchini Marekani, wanamuziki wa Iron Maiden, kundi la roki la Uingereza, walikatiwa sauti mara kadhaa wakiwa jukwaani San Bernardino, California, na wakarushiwa mayai, na Sharon Osbourne, mke wa mwimbaji Ozzy Osbourne na aliyekuwa akiisimamia ziara hiyo, hakuficha hasira zake juu ya maneno ya mwimbaji wao, Bruce Dickinson. Ikiwa kundi lenye jina kubwa kiasi hicho lilifanyiwa hivyo hadharani, sisi tunaochangishana mafuta ya gari tuna kinga gani?

Malipo nayo yamecheleweshwa, lakini hilo tutalidai kwa njia yake.

Kwa Malindi tumemwandikia mratibu wa ziara tukitaka saa yetu ya kupima sauti iandikwe na kutiwa saini, na fundi wetu wenyewe akae kwenye mitambo tunapopiga. Ujumbe ameusoma na hajajibu. Asipojibu kabla ya siku ya safari, hatutapanda jukwaa hilo, na mashabiki waliokwisha kununua tiketi kwa ajili yetu tutawaeleza sababu sisi wenyewe.