Tumelalamika, GP (daktari wa familia) ametufuta familia nzima! Mlioko Uingereza someni hapa

Wakuu, hasa mnaoishi England, mnivumilie leo. Nina hasira za kutosha.

Mama yangu ana kisukari na presha, anaishi na sisi hapa Leicester, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nikaomba mkalimani kwa GP wetu. Ni huduma ya bure ya NHS, huduma ya afya ya serikali hapa, sikuomba hisani. Dada wa mapokezi akamtazama binti yangu aliyekuwa bado na sare za shule, akasema, "Si huyu anaongea Kiingereza? Atafsiri yeye." Yaani mtoto wa shule ya msingi akae amweleze daktari habari za mkojo wa bibi yake! Nikakataa pale pale, kisha nikamwandikia meneja malalamiko. Sikutukana, sikumtisha mtu.

Jibu lake likawa barua ya kutufuta kwenye orodha ya wagonjwa wao. Nusu ukurasa tu: uhusiano kati yetu na madaktari umevunjika, tutafute kwingine. Aliyelalamika ni mimi, lakini wametolewa mama, mke wangu na watoto. Mke wangu hajawahi kupandisha sauti na mtu pale. Mama kila akifungua friji anahesabu kalamu za insulini zilizobaki, kisha ananiuliza, "Mwanangu, hawa nimewakosea nini?" Nimjibu nini?

Nimekaa nikasoma kanuni za mikataba ya ma-GP wa England za mwaka 2015, na ndipo nikapandwa zaidi. GP akitaka kukuondoa lazima awe na sababu ya msingi, na isihusu umri wako, rangi, dini, ulemavu, ujauzito wala ugonjwa wako. Lazima uwe umepewa onyo ndani ya miezi 12 kabla ya wao kuomba uondolewe, ukaambiwa kosa ni lipi. Sisi onyo hatujaliona, si kwa barua wala kwa mdomo. Wana vichochoro vyao, ndiyo: umehama eneo lao, umefanya fujo za kufikia kuitwa polisi, au waseme kukuonya kusingewezekana au kungeleta madhara. Mama yangu wa magongo ataleta fujo gani?

Halafu GMC, baraza linalosimamia madaktari, limekataza wazi daktari kumwacha mgonjwa kwa sababu tu amelalamika. Wazi kabisa! Ndiyo maana barua zao hazitaji malalamiko, zinaandika "uhusiano umevunjika" na kuishia hapo. Kanuni zinawaruhusu kutumia maneno hayo bila kufafanua, na huo ndio mlango wanaoutumia kutunyamazisha.

Likikupata, usikubali kuduwaa. Kufutwa hakuanzi siku unayopokea barua. Kwa kawaida ni siku ya 8 tangu NHS ipate ombi lao, au mapema zaidi ukipokelewa na GP mwingine. Kama uko kwenye matibabu ya kila baada ya siku chache, chini ya 7, wanatakiwa kuendelea nawe hadi hali itulie. Ukienda kujiandikisha kwingine, usirudishwe kwa kukosa kitambulisho au bili yenye anwani, hivyo si masharti. Wakikukataa, wakupe sababu kwa maandishi. Dawa zikikaribia kuisha, piga 111, namba ya simu ya NHS ya ushauri wa afya.

Malalamiko yangu sasa hayarudi kwa meneja yule. Nayapeleka ICB, bodi inayosimamia huduma za afya za eneo letu, ndani ya miezi 12 unaruhusiwa. Wakinizungusha nakwenda kwa Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya, yule msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya NHS. Nataka watoe hilo onyo wanaloliona wao, lina tarehe gani, lilitumwa kwa nani, na mke wangu na watoto walionywa kwa kosa lipi.

Kuna aliyefutwa na familia yake namna hii akarudishwa? ICB walichukua muda gani kujibu? Naomba aliyepitia aniambie, mama hana muda wa kusubiri.