Kupaka gari seramiki: tunalinda rangi au tunanunua bango?

MLETA MADA

Wakuu, siku hizi Dar karibu kila sehemu ya kuosha magari iliyopata paa imetundika bango la seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ya gari ili kuilinda. "Kinga miaka 5." "Ugumu 9H." "Haikwaruziki." Gari dogo unaambiwa laki kadhaa, likiwa Harrier au Crown unaweza kupita milioni. Na kuna ile video inayosambazwa kila wiki: jamaa anamwaga petroli kidogo juu ya boneti, anawasha kiberiti, moto unawaka na kuzima, anafuta kwa kitambaa, rangi ipo vilevile. Watu wanapiga makofi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Dawa yenyewe ni ya kweli, lakini inavyouzwa hapa kwetu ni ulaghai, na Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinacholinda walaji, ingepaswa kuwabana wote wanaoandika miaka kwenye mabango bila kuandika masharti. Mnaopinga karibuni, ila mje na hoja.

Tuanze na 9H, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Hicho ni kipimo cha penseli. Penseli ya ugumu fulani inawekwa kwa pembe ya nyuzi 45, inawekewa uzito, inasukumwa juu ya rangi. Ikishindwa kuacha mkwaruzo, rangi inapewa ugumu wa penseli hiyo, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Kwa hiyo bango linakwambia kwamba gari lako halikwaruzwi na penseli. Sasa barabara ya vumbi haina penseli, ina mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni kwatzi, na kwatzi inakwaruza hata kioo. Ukisugua mchanga huo kwa sponji kavu juu ya seramiki, utabaki na mikwaruzo kama kawaida.

Halafu unene. Rangi ya kiwandani kwa magari mengi ya Japani, ukijumlisha matabaka yote kuanzia kwenye bati, ni kama maikroni 90 hadi 130 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, ambalo mafundi wanaliita klia, ni kama 35 hadi 50. Unywele mmoja ni kama maikroni 70. Seramiki inayokauka juu ya hapo ni maikroni 1 au 2, mara nyingi hata moja haifiki. Kitu chembamba namna hiyo hakizuii kokoto lililorushwa na lori la Kibaha.

Na ile video ya moto? Ifanye kwenye gari ambalo halijapakwa chochote, matokeo ni yaleyale. Kinachoungua ni petroli, na inaisha kabla bati halijapata joto la kuumiza rangi. Msijaribu lakini.

FUNDI POLISHI

Mkuu, mengi uliyoandika ni sahihi, ila umeyapanga kwa namna ya kutuonyesha sisi wote kama matapeli. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nina banda, nina vijana, nalipa kodi. Ngoja niseme upande wa pili.

Seramiki haiuzwi kwa sababu ya mikwaruzo peke yake. Ni kimiminika chenye kemikali za silika, unakipaka, kiyeyushi kinaruka, kinachobaki kinashikana na klia kwa kutumia unyevu wa hewani. Kikishakauka, uso wa gari unakataa maji na uchafu haugandi. Gari lililopakwa vizuri ukilipiga maji ya presha tu, nusu ya uchafu imeshaondoka kabla hujaligusa. Ukigusa kidogo, unakwaruza kidogo. Hiyo ndiyo kinga ninayouza.

Kuhusu bei, chupa ni ndogo sana, nyingi ni za mililita 30 au 50, na mteja akiiona anauliza kwa nini alipe hela yote hiyo. Hela haipo kwenye chupa. Gari linaoshwa, linapitishwa dawa ya kutoa chembe za chuma zinazotoka kwenye breki, linasuguliwa kwa udongo maalumu hadi ukipitisha kiganja kinateleza, kisha polishi ya kukata mikwaruzo, kisha polishi ya kung'arisha, kisha linafutwa kwa spiriti ili lisibaki na mafuta ya polishi. Hapo ndipo napaka, kipande kidogo kidogo. Unyevu wa Dar, hasa miezi ya masika, unaifanya ikaze haraka. Ukichelewa kufuta kinabaki kivuli kama doa la mafuta, na kulitoa ni polishi upya. Kazi nzuri inakula siku mbili. Anayekupakia kwa saa moja huku unakunywa soda, huyo mpelekeni kwenye Tume, mimi nitawasindikiza.

DEREVA WA TABATA

Nyie mnabishana vitu vya wenye nafasi. Mimi nina IST ya kazi, naendesha kwa programu ya abiria, gari inalala nje chini ya mwembe kwa sababu ndiyo sehemu niliyopewa na mwenye nyumba. Asubuhi naikuta imejaa utomvu na mavi ya kunguru. Mnawajua kunguru hawa, wale wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe taka, sasa wamejaa mpaka Morogoro. Mavi yao jua likiyapiga mchana mmoja yanakula rangi, unabaki na alama ya duara isiyofutika.

Swali langu ni moja tu: seramiki inazuia hilo au haizuii?

FUNDI POLISHI

Inakununulia muda, kaka. Mavi ya ndege yana asidi, na bila kinga yanaanza kazi mapema. Ukiwa na seramiki unaweza kuyaondoa saa chache baadaye bila kuacha alama. Ukiyaacha siku tatu juani, hakuna dawa itakayokuokoa, si yangu wala ya mtu mwingine. Weka chupa ya maji na kitambaa ndani ya gari. Ukiona, lowesha, subiri kilainike, ondoa bila kusugua.

DEREVA WA TABATA

Sasa chupa ya maji ninayo tayari na sijalipa milioni.

MLETA MADA

Hapo dereva amemaliza sehemu kubwa ya mjadala, ila niongeze jambo moja ambalo matangazo hayaligusi kabisa: maji. Sehemu nyingi za kuosha magari Dar zinatumia kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi, wengine mnaoga nayo mnajua. Gari lililopakwa seramiki linafanya maji yasimame matonematone. Inapendeza kwenye picha. Lakini tone lile likikauka juani, madini yaliyomo yote yanakusanyika mahali pamoja na kuacha duara jeupe. Gari jeusi lililopakwa seramiki, likaoshwa kwa maji ya kisima saa sita mchana na kuachwa likauke lenyewe, linaweza kuwa baya kuliko lisilopakwa. Dawa yake ni kulifuta likavu mara moja, na madoa yakiwa mapya siki iliyochanganywa na maji inayatoa. Nani anaambiwa haya wakati analipa?

Sijagusa bado sabuni. Vijana wa kuoshea wanatumia sabuni ya unga ya kufulia, maana ina povu na ni rahisi. Sabuni ile ni kali upande wa alikali, na ndiyo inayochosha seramiki haraka. Ongeza ndoo moja ya maji kwa magari manne, na dodoki lililoanguka chini likaokotwa likaendelea kazi. Unapakwa kinga ya miaka 5 na mtu ambaye Jumamosi inayofuata anaitoa mwenyewe kwa dodoki lake.

MAMA WA GOBA

Ndugu zangu, mnanichanganya na kunisaidia kwa pamoja. Mimi gari langu ni jeupe, Toyota, na rangi imeanza kubanduka juu ya paa kama ganda, chini yake bati linaonekana. Kuna mahali nimeambiwa nikipaka seramiki itashika isiendelee. Ni kweli?

FUNDI POLISHI

Dada, usilipe hata shilingi. Fungua mlango wa dereva, angalia kile kibandiko chenye maelezo ya gari, tafuta namba ya rangi. Ikiwa ni 040 au 070, shida hiyo inajulikana duniani. Kwenye baadhi ya magari ya Toyota yenye rangi hizo nyeupe, jua linadhoofisha mshikamano wa matabaka ya chini kabisa na bati, rangi inaachia kutoka chini. Toyota wenyewe huko Marekani na Australia waliweka mpango wa kuyapaka upya baadhi ya magari hayo. Seramiki inakaa juu, ugonjwa upo chini. Hapo ni kukwangua mpaka bati na kupiga rangi upya.

MAMA WA GOBA

Asante sana fundi. Ni 040 kweli. Yule aliyetaka kunipaka aliikagua kwa macho yake na paa likiwa linabanduka, na bado akanipigia hesabu.

MTU WA MUSCAT

Salaam kutoka Oman. Huku jua na mchanga ni zaidi ya huko, na watu wanapaka sana. Lakini wenye magari mapya ya bei wanaweka kwanza plastiki ya kulinda rangi, ile ngozi angavu ya poliyurethani, kwenye bampa, boneti na vioo vya pembeni. Ile ina unene wa maikroni 150 na zaidi, inapokea kokoto kweli. Seramiki inakuja juu yake ili kurahisisha kuosha. Bei ya ngozi hiyo kwa gari zima inauma sana, ila kwa mbele peke yake unaweza kufikiria. Anayekwambia seramiki inafanya kazi ya ngozi hiyo anakudanganya, awe Muscat au Mikocheni.

KAKA SHERIA

Turudi kwenye hoja ya kuwabana, maana ndiyo iliyotuleta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na faida za bidhaa au huduma. Hatuhitaji kanuni mpya ya seramiki. Tunachokosa ni ushahidi. Wangapi humu walipewa risiti inayotaja jina la dawa, idadi ya matabaka, tarehe na masharti ya hiyo "waranti"? Ukienda Tume na picha ya bango na maneno ya mdomo, utaulizwa ulikubaliana nini na nani.

Na waranti nyingi ukizisoma zinasema urudi kila mwaka kwa ukaguzi wa kulipia, usioshe kwingine, madoa ya maji na mavi ya ndege hayahusiki. Ukitoa hayo yote, kilichobaki kulindwa ni gari lililofungiwa chumbani.

MLETA MADA

Ndiyo maana nasema bango lidhibitiwe. Masharti yote hayo yanaanza baada ya hela kutoka. Ukiandika "miaka 5" kwa herufi za nusu mita, andika na "ukiosha kwa shampuu ya gari na kukagua kila mwaka" kwa herufi hizohizo.

FUNDI POLISHI

Hapa sasa nakataa, mkuu, na nitakwambia kwa nini. Ukianza na kanuni za mabango, atakayefuatwa ni mimi mwenye leseni na anwani. Kijana anayepaka chini ya mti kwa dawa ya chupa isiyo na jina, hana bango, hamtampata. Atashusha bei, mteja atakwenda kwake, miezi miwili imeondoka, kisha mnaandika humu kwamba seramiki ni utapeli. Udhibiti wa namna hiyo unaua waaminifu kwanza.

KIJANA WA BANDA

Naomba nichangie jingine, samahani wakubwa. Mimi ndiye ninayepaka. Wote mnaongelea rangi ya gari. Ile dawa ina viyeyushi, ukifunga banda ili vumbi lisiingie ndani panajaa harufu mpaka kichwa kinauma, na mara nyingi hatuna barakoa ya kemikali, tunapewa zile za kitambaa. Glavu zikiisha ndiyo zimeisha. Kama kuna kanuni inakuja, ianzie hapo.

MLETA MADA

Kijana umesema jambo zito, na linahusu OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, moja kwa moja. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo, unatakiwa yenye kichujio cha kaboni na mlango uwe na upenyo wa hewa. Fundi, hili unalijibuje?

FUNDI POLISHI

Kwangu zipo, na feni ya kutoa hewa ipo. Sisemei mabanda ya wengine.

KAKA SHERIA

Basi tukubaliane angalau kwenye risiti. Jina la dawa, matabaka mangapi, rangi ilipimwa unene kabla au la, masharti ya kuosha. Karatasi moja. Hiyo haimuui mwaminifu yeyote.

FUNDI POLISHI

Risiti nakubali, kuanzia wiki hii. Hata kipimo cha unene ninacho, nitaandika namba mbele ya mteja, maana kuna magari yameshapigwa polishi mpaka klia imekwisha na mwenyewe hajui. Gari la namna hiyo nalikataa. Ila bango langu la "miaka 3" silishushi, kwa sababu wateja wangu wanaofuata masharti wanafika huko.

DEREVA WA TABATA

Wangapi?

FUNDI POLISHI

Wachache.