Tupeane uzoefu: ulishawahi kubishana na "injinia" wa mtandaoni ukakuta hamna kitu?

KipimaZege
Wakuu salama? Nimeona tupeane uzoefu kwenye hili maana limezidi sasa. Hawa watu wa miaka 15 saitini, wamesimamia maghorofa, wamefanya na makampuni makubwa ambayo "siwezi kuyataja kwa sababu ya usiri", ila ukimuuliza swali la kazi anageuka mbogo. Ulimgunduaje na ulimfanyaje?

Naanza mimi. Kuna mmoja alikuwa anashauri watu mambo ya zege, anajiamini balaa, watu wanamwaga asante tu. Kuna mtu akauliza kibaraza chake cha ghorofani, kile kinachoning'inia bila nguzo mbele, nondo kuu zikae juu au chini, jamaa akajibu chini kwa sababu "mzigo unakandamiza kwenda chini". Nikashtuka. Kile kibaraza kimeshikwa upande mmoja, kikilemewa ncha inainama, kwa hiyo upande wa juu ndo unavutwa, na zege likivutwa halina nguvu kabisa, ndo maana nondo kuu zinakaa juu. Ukizilaza chini umepamba tu, siku kinakatika kinakatikia ukutani na watu wakiwa juu yake.

Nikamwambia kistaarabu, akaniuliza nina cheti gani. Sikugusa ya cheti, nikamuuliza mkuu kwenye lile ghorofa lako la mwisho slampu mlikuwa mnapata ngapi? Akajibu "28, hiyo ni standadi dunia nzima". Nilicheka peke yangu. 28 ni siku, zile za kusubiri kabla ya kuponda kyubu, vile vipande vya zege vya majaribio, kupima nguvu ya zege. Slampu ni milimita, unajaza zege bichi kwenye koni, unalishindilia kwa kifimbo cha chuma, unanyanyua koni taratibu, unaangalia limeshuka kiasi gani. Aliyeishika ile koni hata mara moja hawezi kuchanganya, yule namba aliiokota mahali hajui ni ya nini. Kilichoniuma ni yule mwenye kibaraza, hakurudi kusema alimsikiliza nani.

VoltiKavu
Mimi wangu alikuwa wa sola. Bingwa wa mifumo mikubwa, anaweka picha kavaa helmeti. Akaandika ukiunga betri nne za volti 12, 100Ah (ampea-saa) kwa mfululizo unapata volti 48 na 400Ah. Nikamwambia kaka, betri moja ina 1,200Wh (wati-saa, yaani volti mara Ah), nne ni 4,800Wh basi, uziunge utakavyo. Sasa 48 mara 400 ni 19,200Wh, hiyo nyingine umeitoa wapi? Ukiunga mfululizo volti zinapanda Ah zinabaki 100, ukiunga sambamba volti zinabaki 12 Ah ndo zinapanda. Ni hesabu ya kuzidisha tu. Akaniwekea picha ya kitambulisho cha kazi, jina kaliziba. Nikasema picha nimeiona, turudi kwenye 19,200. Akanibloku hapo hapo.

Mzeewakazi
Wengi wao ni madalali wa vifaa nyie mnadhani mainjinia. Endeleeni.

DadaMaji
Naomba nilete upande wa pili maana mnacheka lakini hii biashara ya kuhoji watu na sisi imetuumiza. Mimi kazi yangu ni pampu na mabomba. Kuna mtu alikuwa anawaambia wenzake wanunue pampu ya kukaa juu, bomba moja tu linashuka kisimani, "itavuta hata mita 20 ukichukua yenye hosipawa nyingi". Nikaandika haiwezekani, kwa sababu pampu haivuti kitu, inatoa hewa ndani ya bomba halafu hewa ya nje ndo inayasukuma maji yapande, na hewa ya usawa wa bahari mwisho wake ni mita 10 na kidogo tu. Kwenye kazi halisi hesabu 7 hivi, na ukiwa mlimani inapungua zaidi. Weka hosipawa mia, fizikia haijali.

Basi yakaanza. "Dada umesomea wapi", "huyu kakopi", "wanawake wa ofisini hao", mmoja akataka nitume picha nikiwa saiti nimeshika spana. Yeye aliyesema mita 20 hakuombwa hata jina la chuo. Kwa hiyo mnapohoji hojini wote, siyo yule ambaye jina lake halijawakaa kiinjinia.

Bisibisi_ndogo
@DadaMaji pole sana dada. Ila kidogo nikubishie, zipo pampu za juu zinatoa maji mita 20 na zaidi, zile za jeti.

DadaMaji
Zipo, na umeuliza vizuri. Ila hizo za visima virefu zina mabomba mawili, moja linarudisha maji chini kwa presha yakapite kwenye jeti iliyoko kisimani, ndo yanayasukuma mengine juu. Yeye alisema bomba moja. Ungekuwa wewe tuliyebishana naye siku ile tungemaliza kwa dakika mbili.

KodiBaridi
Huku kwetu kwenye programu kipimo chepesi ni miaka. 2019 kuna mtu alijitangaza ana miaka 10 ya Kubernetes, ule mfumo wa Google wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, wakati imetangazwa 2014. Nikamuuliza labda ulikuwa ndani ya Google kwenye Borg, ule mfumo wao waliokuwa nao kabla? Nilimpa mlango wa kutokea kabisa jamani. Akauliza Borg ni nini.

Ila waajiri nao wanachangia. 2020 Sebastián Ramírez, aliyeitengeneza FastAPI mwenyewe (zana ya kuandikia programu za mtandaoni), alikuta tangazo la kazi linataka miaka 4 na kuendelea ya FastAPI wakati ina mwaka na nusu tu tangu aitengeneze. Sasa kijana akiona tangazo kama lile utamwambia asidanganye kwenye sivii?

Nanga
Mnapoteza muda na maswali, ombeni namba ya usajili. Nchi nyingi zina bodi ya mainjinia na orodha iko wazi, unaingiza jina unaona. Hana namba, anyamaze.

KipimaZege
@Nanga usajili ni muhimu hasa kama unamlipa mtu, ila makaratasi yanadanganya pia. Jengo la CTV, Christchurch, New Zealand, lilianguka kwenye tetemeko la Februari 2011 wakafa watu 115. Baadaye ikajulikana aliyekuwa meneja wa ujenzi wake miaka ya 80, Gerald Shirtcliff, alikuwa akitumia jina na digrii ya injinia mwingine, Mwingereza, na kwa jina hilo alifanya kazi Australia miaka na miaka. Sisemi yeye ndo aliliangusha, uchunguzi ulikuta dizaini yenyewe ina kasoro. Nasema karatasi alikuwa nayo. Halafu kuna mafundi hapa hawana digrii na kibaraza hawakosei.

VoltiKavu
Niongeze, tusiwachimbe watu makwao. Juzi kuna mtu alipiga simu ofisini kwa mwenzake kuuliza kama kweli ni injinia, kisa ubishi wa kebo. Bishana na kebo, mtu muache.

Mgeni_wa_bomba
Samahani niko nje ya mada kidogo. @DadaMaji pampu yangu ya juu inapiga kelele kama inatafuna kokoto na maji yanatoka machache, fundi anasema ni beringi.

DadaMaji
Beringi inawezekana ila usinunue kwanza. Maji yako kina gani kutoka pampu ilipo, bomba la kuvutia ni nene kiasi gani, na kuna kona ngapi? Angalia pia chujio la chini kama halijaziba. Weka picha ya upande wa kuvutia.