Kanuni za usalama wa mtandao kwa biashara ndogo: msaada uwe upi, na nani aubebe?

Mhasibu Mdogo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tujadili bila kutukanana. Siku hizi huponi: ukipokea malipo ya kadi, PCI DSS (masharti ya usalama ya kampuni za kadi) inakuhusu, ukitunza taarifa za wateja, sheria ya data inakuhusu, na hata sheria isipokugusa, mteja mkubwa atakuletea dodoso la usalama wa mtandao. Mimi natunza hesabu za watu, ofisi nzima tuko watatu. Dodoso limekuja la Excel, halina mwisho. Swali mojawapo: "Mkuu wa kitengo chenu cha usalama wa taarifa anaripoti kwa nani?" Nikaandika: kwa mke wake. Limerudishwa. Sasa nauliza, kama haya ni lazima, msaada wetu uwe upi? Ruzuku? Mafundi? Au wadogo tusamehewe tu?

FundiSeva
Kusamehewa sahau. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target, Marekani, iliibiwa taarifa za kadi milioni 40, na wezi hawakuanzia makao makuu. Walitumia nywila za mkandarasi mdogo wa mitambo ya majokofu. Mdogo ndiye njia. Halafu tuseme ukweli, nusu ya malalamiko haya ni uvivu. Uingereza wana cheti cha usalama cha Cyber Essentials tangu 2014, mambo matano tu: fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni), mipangilio salama ya vifaa, kudhibiti nani anaingia wapi, kinga ya virusi, kusasisha programu. Ongeza kubadili nywila kila siku 90, umemaliza. Ruzuku ya nini?

Mhasibu Mdogo
Uvivu? Mkuu, mimi ndiye mhasibu, mpokea simu, mfuatilia madeni, na sasa mkuu wa kitengo. Wewe ukifika kazini unakuta seva zinakusubiri, mimi nakuta wateja. Hayo "matano tu" nani atayakagua kwenye ruta niliyofungiwa na mtoa huduma, ambayo hata nywila ya kuingilia mipangilio yake sikuwahi kupewa?

Bi Kanuni
Mimi nimekwama kwenye hizo siku 90. FundiSeva, bado mnafundisha hiyo? NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliachana nayo tangu 2017. Hata Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani wa 2003, alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaweka mle. Ukimlazimisha mtu abadili kila mara, anaongeza namba mwishoni: Januari1, Januari2. Wadukuzi wanaijua hesabu hiyo kuliko wewe.

FundiSeva
Dada, NIST ni NIST na PCI ni PCI. Mkaguzi wa kadi bado anadai siku 90. Nenda kamsimulie habari za huyo Burr uone kama atakupitisha.

Bi Kanuni
Isome vizuri. Toleo la 4 la PCI linadai siku 90 pale nywila inapokuwa kinga pekee, na hata hapo limeacha njia mbadala. Ukiweka uthibitisho wa hatua mbili, sharti hilo halikuhusu tena. Watu kama wewe ndio mnaowachosha wenye biashara kwa masharti yasiyowahusu, halafu mnawatoza hela kuyatekeleza.

FundiSeva
Nionyeshe nilipomtoza mtu humu. Ukishindwa, futa kauli.

Mpita Njia
Nimevuta kiti. Lakini wakuu, Ulaya si walishawasamehe wadogo? Ile sheria yao ya usalama wa mtandao, NIS2, kama sikosei, chini ya wafanyakazi 50 haikuhusu.

Bi Kanuni
Kwa sehemu kubwa ndivyo, ukiacha wachache kama watoa huduma za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao). Ila wakubwa wanaobanwa na NIS2 wametakiwa waangalie pia usalama wa wanaowauzia bidhaa na huduma, kwa hiyo dodoso linashuka mpaka kwako. Umesamehewa na sheria, umebanwa na mkataba, na kwenye mkataba huna wa kumlalamikia. Marekani ndiyo kabisa: kandarasi za jeshi zinazogusa taarifa zinazolindwa zinadai masharti 110 ya CMMC (vigezo vya usalama wa mtandao vya wizara yao ya ulinzi) ngazi ya pili, uwe na watu watano au elfu tano.

Mhasibu Mdogo
Hapo ndipo penye hoja yangu. Kila mteja na dodoso lake. Huyu anauliza "mnatunza nakala rudufu?", yule anataka "mkakati wenu wa uendelevu wa biashara", kumbe ni kitu kile kile. Msaada wa kwanza ni dodoso moja linalokubalika kwa wote. Wa pili ni fundi aje tukae naye mezani, tufunge vitu vifanye kazi. Kunitumia PDF ya kurasa mia ni kuniongezea kazi. Waingereza angalau, ukipata kile cheti cha Cyber Essentials na mapato yako yako chini ya pauni milioni 20, unapata na bima ndani yake.

FundiSeva
Dodoso moja? Wataigana majibu wote. Sasisheni programu kwanza. Programu haribifu ya WannaCry ya Mei 2017 iliwakuta watu ambao Microsoft ilishawapa dawa tangu Machi.

Mpita Njia
Na nyingine, NotPetya, mwezi uliofuata, ilipita kwenye sasisho la programu ya uhasibu kule Ukraine. Walioanza kupigwa ni wale watiifu wa kusasisha. Mhasibu, hiyo ni fani yako.

Mhasibu Mdogo
Asante kwa kuniharibia usingizi.

Bi Kanuni
Ndiyo maana nasema wabebeshwe watengenezaji. Ulaya wameshapitisha Cyber Resilience Act, sheria ya usalama wa vifaa na programu, masharti yake makuu yanaanza Desemba 2027. Kifaa kikitoka kiwandani na nywila ya "admin", aulizwe aliyekitengeneza, siyo mtu wa ofisi ya watu watatu.

FundiSeva
Na mpaka 2027 afanyeje, afunge na kuomba? Aweke nywila ndefu, aibadili kila…

Bi Kanuni
Haya, karudi kulekule.

Mpita Njia
Swali la pembeni: ndefu ni herufi ngapi?

FundiSeva
12. Ndivyo PCI inavyosema.

Bi Kanuni
NIST ya 2025 inasema 15 kama nywila ndiyo kinga pekee.

Mhasibu Mdogo
Dodoso langu linasema 8 na "alama maalumu angalau moja". Nishike lipi?

FundiSeva
12.

Bi Kanuni
15. Na ile kauli sifuti.