Vitabu vya bei za kadi za besiboli: hizo bei nani anazilipa?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana, nilizianza kwa ajili ya kijana wangu, leo ana miaka 13, na nikiri kwamba mimi mwenyewe nilizipenda kuliko yeye.

Miaka mitatu iliyopita tuliingia duka moja la kadi, jina naliacha. Mzee wa pale akafungua kitabu cha bei juu ya kaunta. Kila kadi kijana aliyoishika, mzee anatelezesha kidole mpaka kwenye safu ya bei ya juu na kututajia. Kadi 14, dola 340. Ilikuwa hela ya ovataimu ya wiki mbili, nikalipa kwa sababu bei ilikuwa imechapishwa, na mimi nimekulia kwenye kuamini kilichoandikwa.

Mwezi uliopita gari likagoma breki. Nikarudi na kadi zilezile, hazijawahi kutoka kwenye plastiki zake. Mzee yuleyule akanipa dola 45. Nikamwambia afungue kitabu. Akajibu, "Kile ni mwongozo tu, soko ni jingine." Halafu akaanza kuchungulia pembe za kadi kwa lenzi, eti zimelika, eti picha haijakaa katikati. Siku ya kuniuzia lenzi hiyo ilikuwa wapi? Wanaotoka kwa wakulima wanaijua hii: anayenunua kwa lumbesa na kuuza kwa kisado. Roho inaniuma hadi leo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana alikuwa amesimama pembeni yangu.

Vitabu hivi vilikuwa na maana zamani. James Beckett, mtaalamu wa takwimu, alitoa mwongozo wake wa kwanza wa bei za kadi mwaka 1979 akiwa na Dennis Eckes, na jarida lake la kila mwezi likaanza mwaka 1984. Wakati huo mtu wa Ohio hakuwa na njia ya kujua kadi inauzwaje Texas. Sawa. Lakini watu wakaanza kununua mishale ya kupanda na kushuka, ile inayochapwa kando ya bei, badala ya kununua kadi. Mkumbukeni Brien Taylor, mrusha mpira: timu ya Yankees ya New York ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote wapya mwaka 1991, kadi zake zikagombaniwa kabla hajarusha mpira hata mmoja ligi kuu. Desemba 1993 akaumia bega kwenye ugomvi, na ligi kuu hakuwahi kuichezea.

Na viwanda vilichapa bila breki. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimejaa magereji ya Marekani nzima. Kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle, ya kampuni ya Topps ya 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 kwa sababu zilizobaki katika hali ile ni za kuhesabu. Sy Berger wa Topps mwenyewe alisimulia jinsi maboksi yaliyododa ya mwaka ule yalivyokwenda kumwagwa baharini. Za 1990 hakuna aliyezimwaga. Hata kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, kadi namba 1, inayopendwa kuliko zote za enzi yake, zilizopimwa daraja, yaani zilizokaguliwa hali na kampuni na kupewa alama, ni maelfu kwa maelfu. Kitabu kinakupa bei tu, hakikuambii ziko ngapi.

Hasira yangu iko hapa: bei ambayo hakuna aliyeilipa si bei, ni ombi la muuzaji. Kitabu kinachojiita cha bei kiseme kadi hii iliuzwa tarehe fulani, ikiwa katika hali fulani, kwa kiasi fulani. Minada ya mtandaoni inaonyesha zilizouzwa, bure kabisa, na usiku ule nilipozitafuta kadi zangu zote 14, jumla haikufika dola 110. Ningejua kutafuta siku ile, nisingelipa 340.

Nimeanza daftari langu. Aliyeuza Griffey wa 1989 mwezi huu, ikiwa haijapimwa daraja, aweke hapa alichopokea mkononi baada ya makato, na pembe zilikuwaje. Bei za kitabu msiniletee.