Wanachama wengi hawaji kwenye matembezi ya kikundi: tufanyeje?

Katibu wa kikundi:
Dada zangu, naombeni ushauri. Kikundi chetu kina wanawake 28, na shughuli za kawaida hazina shida: kumjulia hali mgonjwa, kumfariji aliyefiwa, kufundishana kushona. Tatizo ni matembezi. Mara ya mwisho tulipiga kura, wengi wakachagua hifadhi ya wanyama, tukakodi basi la watu 30, na asubuhi ya safari tukajikuta 13 tu, viti vya nyuma vimekaliwa na mabegi na mikeka. Waliokuja wananung'unika kwamba wamelipia viti vitupu, na wasiokuja wananung'unika kwamba michango yao imetumika bila wao. Je, tuyaache kabisa?

Mweka hazina wa zamani:
Pole, dada. Msiyaache. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuichukua kura kama ahadi, kwani anayenyoosha mkono mkutanoni anasema tu kwamba mahali pale panapendeza, hasemi kwamba siku hiyo ana nafasi. Basi hukodiwa kwa bei moja, lijae lisijae, kwa hiyo watu 28 wakipungua hadi 14, mzigo wa kila mmoja huwa mara mbili. Sisi hatukodi chochote mpaka kila anayekwenda awe ametoa nusu ya mchango wake na jina lake limeandikwa daftarini. Anayejitoa baada ya hapo hurudishiwa fedha zake akipatikana wa kukalia kiti chake. Tena mfuko wa safari na mfuko wa kusaidiana visichanganywe hata kidogo.

Mwanachama mzee:
Hayo ya fedha ni kweli, wanangu, lakini mimi si fedha iliyonizuia. Nina miaka 67, na mara mbili mfululizo nilisingizia kwamba nina wageni nyumbani, kumbe nilikuwa naiogopa ile ngazi ya kwanza ya basi, ambayo goti langu haliifikii, na kuona aibu kumwomba dereva asimame kila mara nikajisaidie. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Siku mwenyekiti wetu alipoleta kigoda cha kukanyagia na kututajia mapema vituo vyote vya kusimama, nilikuwa wa pili kupanda. Mwanangu katibu, waendee hao 15 mmoja mmoja, wala usiwaulize mbele ya mkutano.

Mama wa watoto wawili:
Shikamoo, mama. Niongeze la sisi wenye watoto wadogo: safari ya kutwa nzima hutushinda. Kikundi chetu hufanya moja ndefu kwa mwaka, na nyingine ni za saa tatu hivi, kama vile kwenda makumbusho au kukitembelea kikundi kingine kuona kinavyoendesha mradi wake. Hii ya mwisho wengi huidharau, ilhali ndiyo iliyotupatia wazo la kuongeza kwenye daftari letu la mikopo safu ya sahihi, ambayo mkopaji huijaza kila anaporejesha, na ugomvi wa nani amelipa nini ukapungua sana.

Katibu wa kikundi:
Shikamoo, mama, na asanteni nyote. Jana nimeanza na watatu. Wawili wametaja watoto. Wa tatu, ambaye ndiye hasa aliyependekeza hifadhi ya wanyama, amekiri kwamba hutapika akipanda gari.